Kadi za Kukusanya kwa Mfuko Mdogo: Namna ya Kucheza Sana na Kutumia Kidogo

Nimewaona wachezaji wazuri wakiacha michezo ya kadi huku bado wanaipenda. Pesa iliwaishia. Ukiwauliza ilikwenda wapi, jibu ni lile lile: pakiti. Zile pakiti za kung'aa zinazouzwa zimefungwa, hujui ndani mna nini mpaka uzichane.

Mimi pia nilipita humo. Nilinunua boksi zima kwa sababu nilitaka kadi moja tu. Nilizichana zote jioni moja, meza ikajaa makaratasi ya kung'aa na rundo la kadi nisizozihitaji, na ile niliyoitafuta haikuwamo. Wiki hiyo hiyo nikaikuta inauzwa peke yake kwa bei isiyofika pakiti tatu. Hatua zilizo hapa chini nilizipata baada ya jioni ile, na kwa miaka sasa zimeniwezesha kucheza kila wiki bila kuumia.

Mifano yangu mingi inatoka kwenye Magic: The Gathering, mchezo uliobuniwa na Richard Garfield na kutolewa mwaka 1993, pamoja na Pokémon na Yu-Gi-Oh!. Ukicheza mwingine, hesabu haibadiliki sana. Na nikisema "fungu" nina maana ya kadi zote unazokaa nazo mezani kucheza mchezo mmoja.

Hatua ya 1: Tenganisha kucheza na kukusanya

Kadi ile ile inaweza kuwa na bei mbili zilizo mbali kama mbingu na ardhi. Kwenye Pokémon, kiumbe mmoja hutolewa akiwa na picha ya kawaida, kisha akatolewa tena akiwa na mchoro uliojaza kadi nzima. Nguvu ni zile zile, mashambulizi ni yale yale, sheria hazitofautishi. Ya kwanza inaweza kuwa rahisi kuliko pakiti moja. Ya pili inaweza kumaliza akiba yako ya miezi.

Kwa hiyo chukua karatasi, andika kiasi unachoweza kutoa kwa mwezi bila kugusa kodi, chakula wala ada, kisha kigawe: hiki cha kuchezea, hiki cha kukusanya. Ukipenda picha nzuri, sina neno, picha nyingine zinastahili kutundikwa ukutani. Lakini zisile pesa ya mchezo. Mtu akishindwa kujua pesa aliyotoa jana ilikuwa ya lipi kati ya haya mawili, ndipo shimo linapoanza.

Hatua ya 2: Cheza bure kabla hujanunua chochote

Michezo mikubwa yote mitatu ina programu rasmi za bure. Magic ina Arena, Pokémon ina TCG Live, na Yu-Gi-Oh! ina Master Duel iliyotoka mwaka 2022. Utafundishwa sheria hatua kwa hatua na utapewa mafungu ya kuanzia. Programu hizi nazo zinauza vitu ndani yake, kwa hiyo usiziunganishe na kadi ya benki wala akaunti ya malipo ya simu. Cheza wiki tatu au nne. Kama kufikia hapo bado unalala ukifikiria namna ya kushinda mechi iliyokupita, mchezo huo ni wako.

Tumia muda huo pia kujua unapenda kucheza vipi. Kuna anayependa kushambulia tangu zamu ya kwanza, kuna anayependa kumzuia mwenzake kila anachojaribu, kuna anayependa kujenga kitu kirefu kinacholipuka mwishoni. Ukijua hilo mapema, hutanunua fungu la bingwa wa dunia halafu ugundue kwamba linakuchosha.

Hatua ya 3: Anza na fungu lililopangwa tayari

Kila kampuni huuza mafungu yaliyokwisha kupangwa, na ndani yake kila kadi imetajwa. Hakuna bahati nasibu.

Kwenye Pokémon, tafuta aina inayoitwa League Battle Deck. Ni kadi 60 zilizo karibu na kiwango cha mashindano, na mara nyingi kadi zake ukizinunua moja moja zingekugharimu zaidi. Kwenye Yu-Gi-Oh! kuna Structure Deck, na wachezaji wa siku nyingi wana njia yao hapo: nunua tatu za aina moja. Sheria inaruhusu nakala tatu za kadi moja ndani ya fungu, kwa hiyo masanduku matatu yanakupa nakala zote unazoruhusiwa, na unaondoa zile dhaifu ili ubaki na kadi 40 zenye nguvu. Kwenye Magic, mafungu ya Commander, mtindo ambao kwa kawaida huchezwa na watu wanne mezani, yana kadi 100, na moja tu linaweza kukuchezesha mwaka mzima.

Ukiwa na rafiki au ndugu wa kucheza naye, nunueni mawili yaliyotengenezwa kupambana wenyewe kwa wenyewe, mkachangia bei. Na mcheze angalau mara kumi kabla ya kubadilisha kadi hata moja. Wengi huona fungu ni baya wakati bado hawajajua kulicheza.

Hatua ya 4: Nunua kadi moja moja

Hapa ndipo penye pesa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Angalia hesabu hii. Magic ilipoanzisha daraja la kadi adimu zaidi mwaka 2008, seti nyingi kubwa (seti ni kundi la kadi mpya zinazotoka pamoja) za miaka iliyofuata zilikuwa na kadi adimu 53 na adimu zaidi 15. Karatasi ya kuchapia ilikuwa na nafasi 121: kila kadi adimu ilichapwa mara mbili, kila adimu zaidi mara moja. Kila pakiti ilibeba kadi moja kutoka kwenye karatasi hiyo. Maana yake, kadi fulani ya daraja la juu ilikuwa ikitokea kwa wastani mara moja katika pakiti 121. Na wastani si ahadi. Ukichana pakiti 121, bado kuna uwezekano wa kama asilimia 37 kwamba hutaiona. Halafu fungu lako labda linataka nakala nne.

Siku hizi pakiti zimepangwa tofauti, lakini umbo la hesabu ni lile lile katika michezo yote. Anayechana pakiti kutafuta kadi maalumu analipia kadi nyingine mia ambazo hakuziomba. Anayenunua kadi yenyewe analipia kadi hiyo tu.

Namna ninavyofanya ni hivi. Kwanza naandika orodha kamili ya fungu, kadi zote 60. Zile nilizonazo nazikata kwa mstari. Zilizobaki nazipanga kuanzia ya bei ya chini kwenda ya juu, na kununua naanzia chini. Mara nyingi kadi 50 za kwanza zote kwa pamoja hazifiki bei ya zile mbili za mwisho. Hapo nasimama, najaza nafasi zilizobaki kwa kadi zinazofanya kazi inayokaribiana, na nacheza mwezi mzima. Baada ya mwezi najua kama zile mbili za ghali zinahitajika kweli. Mara nyingi moja inahitajika na nyingine haihitajiki.

Kuhusu wakati wa kununua: usinunue wiki ambayo seti mpya imetoka. Kila mtu anataka kujaribu, pakiti zilizofunguliwa bado ni chache, bei iko juu. Subiri wiki chache, watu wakishafungua za kutosha, nyingi hushuka. Kadi pia hushuka inapotangazwa kwamba itachapwa upya, na inapokaribia kuondolewa kwenye mtindo mkuu wa mashindano, yaani isiruhusiwe tena humo. Pokémon huonyesha hilo kwa herufi ndogo chini ya kadi: kila mwaka herufi ya zamani zaidi huondolewa. Magic ina mzunguko wake wa namna hiyo. Kama unacheza nyumbani na marafiki wasiofuata mzunguko, huo ndio msimu wako wa mavuno, maana kadi nzuri zinatupwa sokoni na watu wa mashindano. Yu-Gi-Oh! haina mzunguko, ila ina orodha ya kadi zilizopigwa marufuku au kuwekewa kikomo, na orodha hiyo hubadilika. Kabla hujanunua kadi ya ghali ambayo kila mtu anailalamikia kwamba ina nguvu kupita kiasi, jiulize kama itakuwa halali miezi sita ijayo.

Jambo jingine ni hali ya kadi. Iliyochubuka kidogo pembeni huuzwa kwa punguzo la kupendeza na ndani ya kifuko, kile cha plastiki kinachovishwa kadi, haionekani. Iliyokunjika iache. Kunjo linalohisiwa au kuonekana kupitia kifuko huifanya kadi itambulike ikiwa kwenye rundo, na mwamuzi wa mashindano anaweza kukuadhibu kwa hilo.

Na gharama ya kutumiwa mzigo usiisahau. Kadi kumi kutoka kwa wauzaji kumi ni gharama kumi za usafirishaji. Afadhali ulipe kidogo zaidi kwa baadhi ya kadi lakini zote zitoke kwa muuzaji mmoja, au muungane watu watatu katika oda moja.

Hatua ya 5: Chagua mtindo wa kucheza ulio rafiki kwa mfuko

Si kila mtindo wa mchezo mmoja una gharama sawa, na hili ndilo wageni huambiwa wakiwa wamechelewa.

Kwenye Magic ninaupenda mno mtindo unaoitwa Pauper. Unaruhusu tu kadi zilizowahi kuchapwa katika daraja la chini kabisa, zile ambazo alama yake ya seti huwa nyeusi. Ulianzia kwa wachezaji wenyewe, na mwaka 2019 ukatambuliwa rasmi kwenye kadi za karatasi. Usidhani kwa jina lake kwamba ni mchezo wa makombo. Lightning Bolt, ile kadi ya moja kwa moja inayotoa pigo la alama tatu na ambayo imekuwapo tangu 1993, iko ndani. Counterspell, ile ya kuzuia kadi ya mwenzako, iko ndani. Michezo yake ni ya kuumiza kichwa, na anayeshinda ni aliyefikiri zaidi.

Pokémon nayo ina siri nzuri: uti wa mgongo wa mafungu mengi ya mashindano ni kadi za msaada kama Ultra Ball, zilizochapwa mara nyingi mno kiasi kwamba watu hukupa bure. Ukishazipata nne nne, unazihamisha kutoka fungu moja kwenda jingine. Kinachobadilika ni viumbe wachache.

Commander kunaweza kuwa ghali sana au rahisi sana, inategemea unakaa na nani. Kubalianeni bei ya juu ya fungu zima kabla ya kuanza. Mezani penye kikomo hicho, mtu huchimbua kadi za zamani ambazo hakuna aliyezitazama kwa miaka, na jioni huwa tamu.

Mwisho kuna michezo ambayo haina pakiti za kubahatisha kabisa: ukinunua sanduku, unajua kadi zote zilizomo. Netrunner ni mfano mmojawapo. Kampuni iliyokuwa ikiuchapisha iliacha kuuchapisha mwaka 2018, na wapenzi wake wakauendeleza chini ya kundi ambalo sasa linaitwa Null Signal Games, wakitoa pia faili za kadi ambazo unaweza kuzichapa nyumbani bila malipo. Unazikata kwa mkasi, unazitia kwenye vifuko, unacheza.

Hatua ya 6: Jenga sanduku la pamoja

Kama utafanya jambo moja tu kati ya haya yote, lifanye hili: sanduku moja la kadi ambalo kila mchezaji anajengea humo fungu lake siku ya kucheza.

Kwa watu wanne unahitaji kadi 180, kila moja tofauti na nyenzake. Zitoe kwenye kadi za bei ya chini ulizonazo, zile zinazolala kwenye maboksi ya viatu. Nitaeleza kwa Magic. Kuna rangi tano: chukua kadi 30 kwa kila rangi, jumla 150, kisha 30 zisizo na rangi au zenye rangi mbili. Katika kila rangi hakikisha viumbe ni zaidi ya nusu, na viwepo vya gharama ndogo ya kuchezwa mezani vingi kuliko vya gharama kubwa. Weka kando rundo la kadi za ardhi za kawaida, zile zinazotoa nguvu ya kulipia kadi nyingine mchezoni, 20 za kila rangi zinatosha.

Siku ya kucheza, changanya zote na umpe kila mtu marundo madogo matatu ya kadi 15. Kila mmoja anafungua la kwanza, anachagua kadi moja, anazipitisha zilizobaki kwa jirani wa kushoto, na mnaendelea hivyo mpaka ziishe. Rundo la pili mnapitisha kulia, la tatu kushoto tena. Mwishoni una kadi 45. Unachagua kama 23, unaongeza ardhi 17, umepata fungu la kadi 40. Halafu mnacheza.

Usiku wa kwanza wa sanduku langu ninaukumbuka vizuri. Mwenzangu wa kulia alikuwa ananipitishia kadi za buluu moja baada ya nyingine, nikajua yeye hataki buluu, nikazichukua zote. Nilijiona nimeshinda tayari. Kumbe wa kushoto kwangu alikuwa anapokea nyekundu zote nilizokuwa ninaziacha, na zamu ya tano alinimaliza kwa viumbe vidogo vidogo ambavyo peke yake kila kimoja hakikuwa na thamani ya kipande cha karatasi. Hakuna kadi hata moja mezani pale iliyokuwa na bei. Tulicheza mpaka usiku wa manane, na sanduku lile lile tumelirudia tena na tena, kila mara likitoa michezo mipya, maana mgawanyo haujirudii.

Kila baada ya mara chache, waulize wenzako kadi gani hazikuchaguliwa na yeyote. Toa kumi, tia kumi nyingine.

Hatua ya 7: Badilishana, na ukubali kuuza

Kadi usiyoicheza ni pesa iliyolala. Weka albamu ndogo ya kadi za kubadilishana na uibebe popote unapokwenda kucheza. Mkishakaa na mtu, kila mmoja aangalie bei kwenye chanzo kimoja mlichokubaliana, siyo wewe hapa na yeye pale. Ukibadilishana na mtoto au mgeni, mwambie thamani ya kadi yake hata kama hajauliza. Ukimdhulumu leo, kesho huna wa kucheza naye, na habari hizo husafiri haraka.

Ukibahatika kupata kadi ya ghali ambayo haiingii kwenye fungu lako, iuze mapema. Nimeuza moja, nikajenga mafungu mawili kamili ya Pauper kwa pesa hiyo.

Hatua ya 8: Jaribu kwa karatasi

Kabla ya kununua kadi ya ghali, andika jina na maelezo yake kwenye kipande cha karatasi, kitie kwenye kifuko mbele ya kadi ya kawaida, ucheze nacho nyumbani. Waambie wenzako mapema. Wengi hawana shida. Kwenye mashindano rasmi hairuhusiwi. Na nakala ya kujaribia isifanane na kadi halisi kiasi cha kumdanganya mtu, kwa sababu hapo imekuwa kadi bandia.

Hatua ya 9: Jua kadi bandia

Bei ikiwa ya kushangaza, shtuka. Chukua kadi ya bei ya chini ya mchezo huo huo unayojua ni halali, uilinganishe na ile inayouzwa. Ziweke zote mbili mbele ya taa: mwanga unapita sawa? Zishike: unene na ulaini vinafanana? Kisha tumia kioo cha kukuzia, ambacho ni rahisi na hudumu. Picha ya kadi halisi imeundwa kwa vitone vya rangi vilivyopangwa, lakini maandishi meusi kwa kawaida huwa na kingo safi. Maandishi nayo yakiwa vitone vitupu, irudishe.

Hatua ya 10: Tunza ulichonacho

Nunua vifuko vya saizi sahihi. Kadi za Magic na Pokémon ni milimita 63 kwa 88, za Yu-Gi-Oh! ni ndogo, 59 kwa 86, na zikiwa kwenye vifuko vikubwa hucheza cheza ndani na kuchubuka. Epuka plastiki ya PVC, baada ya muda huharibu uso wa kadi. Mipira ya kufungia noti usiitumie kabisa, inakata kingo. Unyevu ndio adui mkubwa, hasa kwa kadi za kung'aa ambazo hujikunja kama jani kavu. Zihifadhi kwenye sanduku lenye mfuniko, na ndani utie vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya au vifaa vya umeme.

Kisha zile kadi za chini zilizobaki, ambazo hazikuingia kwenye sanduku la pamoja wala hazina mnunuzi, zipange katika mafungu ya kadi 40 yaliyo rahisi kueleweka, rangi moja au mbili, yenye viumbe vingi. Funga kila moja kwa ukanda wa karatasi na uandike juu yake namna ya kucheza zamu ya kwanza. Mimi hubeba mawili kila ninapokwenda kucheza. Akija mtu anayetazama kwa mbali, namvutia kiti, nampa moja, na nikimwona amelipenda anaondoka nalo.